Mtindi Hautaki Kuguswa

Niliamka saa kumi, kabla majogoo ya Kakoba
hayajakubaliana ni lipi lianze,
nikawasha simu mbili kabla ya taa.
Saa kumi na moja nilikuwa Rubindi kwa pikipiki,
madebe ya maziwa yakigombana nyuma yangu;
saa mbili Rwebikona, nikibishania bei ya vikombe;
saa nne benki, kwenye foleni,
nikiandika ujumbe kuhusu foleni nyingine;
saa sita Ishaka, saa tisa njiani,
na saa kumi na mbili jioni, mkutano wa wajasiriamali wa Mbarara,
tukiulizana kwa zamu
nani analala saa chache zaidi.
Nilishinda. Saa tatu.
Wakanipigia makofi.

Kenyangi, anayeosha madebe na kubandika nembo,
aliniuliza usiku ule, mikono ingali na povu la sabuni:
"Leo tumeuza ngapi?"
Nikamwambia nimepokea simu arobaini na moja.
Akainamia debe lake.
"Ngapi, bosi?"
Nikatazama saa, nikakumbuka mtu wa kumwona.

Jasho lina mashahidi.
Mama mkwe akikuta shati limeganda mgongoni
husema binti yake kaolewa na mwanamume.
Lakini mtu aliyeketi na kalamu,
kimya, mlango umefungwa,
huyo huulizwa kama anaumwa.
Nami nililiogopa lile daftari la bluu chini ya gunia la sukari
kama nilivyoogopa barua za mwalimu mkuu
nilizotumwa kumpelekea baba.
Ndiyo maana nilikimbia.
Sikuwa naenda mahali. Nilikuwa natoka mahali.

Wahenga wanacheka atwangaye maji kinuni.
Mimi nilitwanga maziwa:
povu likapanda, nikaliita faida.

Jumanne umeme ulikatika, simu moja ikafa kwa njaa.
Ya pili iliniponyoka mfukoni nikiinama,
ikazama katika debe la lita ishirini.
Kenyangi aliivua kwa upawa, ikidondosha malai,
na hakucheka mpaka nilipotoka nje.

Kimya kikaingia, kikaketi kama mdai.
Hakikuwa na haraka.
Nikalivuta daftari.

Maduka kumi na mawili. Tisa yananidai subira.
Na Ishaka, Ishaka yangu, niliyojisifia kwenye mkutano!
Vikombe arobaini, elfu ishirini na nane.
Mafuta, elfu ishirini. Maziwa na sukari, kumi na tano.
Nikahesabu tena kwa vidole, kama mtoto.
Miezi saba nimekuwa nikiwalipa watu wa Ishaka
ili wanywe mtindi wangu.

Usiku Kenyangi alichemsha maziwa kwa mkaa,
akayapoza hadi kidole kikavumilia,
akatia kijiko cha mtindi wa jana,
akafunika sufuria kwa blanketi kuukuu.
Nikanyoosha mkono nifunue, nione kama kazi inaendelea.
Akaupiga. Mkono wa bosi wake, akaupiga!
"Ukichungulia, hauungani."

Nikakaa gizani na sufuria ile.
Hakuna kilichosogea.
Alfajiri kijiko kilisimama wima.

Jumatano nilinunua simu nyingine, nisikudanganye.
Ujumbe sitini na tatu,
na sikuona ukuta wowote ulioanguka Mbarara.
Mmoja ulitoka Ishaka: "Unakuja?"
Niliuacha hapo, nikaketi juu ya kreti nje ya mlango,
daftari gotini,
nikitafuta kwa upole namna ya kuandika "hapana".

Barigye wa duka la misumari akapita, akasimama, akanikagua.
"Leo hufanyi kazi?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikwama.
Na mguu wangu wa kushoto, peke yake,
ulikuwa unatafuta gia.